Rufaa ya Mtu Aliyesema Ni Mzima

Siku pikapu ya matoke ilipogonga boda niliyopanda, karibu na Kaberebere, nilikuwa nimepakata trei za mayai nikiyapeleka sokoni. Walionitoa mtaroni wanasema neno langu la kwanza lilikuwa, "Mayai yamepona?" Mwendesha boda alitoka na michubuko tu. Mguu wangu wa kulia ulivunjika fasi mbili, ukaungwa kwa chuma hospitalini Mbarara, na ulipopona ulikuwa mfupi kuliko mwenzake.

Nilimshtaki mwenye pikapu. Wakili wangu, Mnyankore mpole, alinielekeza vizuri: nieleze maumivu, nieleze usingizi unaokatika, nieleze shamba nisiloweza tena kulilima. Lakini mimi ni mwalimu wa kwaya kanisani kwetu, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na siku zote nimejiona mtu wa adabu. Hakimu aliponiuliza hali yangu kupitia mkalimani, nilisimama wima nikatabasamu.

"Niko muzima kabisa, Mheshimiwa. Mungu ni mwema."

Mkalimani akatafsiri, karani akaandika. Fidia ilipotangazwa ilikuwa ndogo mno, hata wakili akavua miwani. Hakimu alieleza kwamba mlalamikaji amesema kwa kinywa chake mwenyewe kuwa amepona.

"Mzee," wakili aliniambia tulipotoka nje, "wewe ulishinda kesi, halafu ukarudishia wao."

Nikaamua kukata rufaa. Mke wangu aliona afadhali tuchukue kilichopo.

"Utaenda kuwaambia nini sasa, baba? Kwamba umerudi kugonjwa?"

Nilimwambia nitajifunza kulalamika. Basi jioni alikaa kwenye kigoda akawa jaji, nami nikasimama mbele yake nikiugulia. Alinikatiza mara moja. "Hapana. Hapo unaimba." Nikaugulia kwa nguvu zaidi, mpaka jirani yetu akaingia mbio na Biblia yake ili aniombee. Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba tulikuwa tunafanya mazoezi. Nilipiga magoti, akaniombea maombi marefu sana, na hapo mguu ukauma kweli.

Siku ya rufaa nilivaa suti nikafika Mbarara nikiwa na hotuba nzima kichwani. Mlangoni wakili alinishika bega. Kwenye rufaa, alisema, jaji hasikilizi mashahidi upya. Anaangalia yaliyoandikwa na kuwasikia mawakili.

"Leo wewe nyamaza tu, mzee. Sisi ndio tutaongea."

Hotuba yote ikanifia kifuani. Nilikaa benchi la nyuma na mkongojo wangu, nikimwonea wivu kila aliyeruhusiwa kusema. Jaji alikuwa mama wa makamo. Kabla ya kuanza aliinua macho, akaniona, akanisalimu kwa Kiswahili.

"Mzee, habari yako?"

Ulimi wangu haukuningoja. "Nzuri sana, Mheshimiwa, tunamshukuru Mungu."

Wakili wangu aliinamisha kichwa kama mtu aliyepokea habari ya msiba. Wakili wa upande wa pili akasimama akitabasamu. "Mheshimiwa amesikia mwenyewe."

Jaji alimgeukia. Kisha akasema, "Wakili, mimi nimewahi kulazwa wodini, nimetoka kupasuliwa tumbo. Kila aliyekuja akaniuliza habari, *agandi*, nilimjibu nzuri, *nimarungi*. Wewe ungemjibu nini?"

Wakili akakaa.

"Salamu si ripoti ya daktari," jaji akaendelea. "Haya, tusome ya daktari."

Hukumu ilichelewa, lakini ilipotoka fidia ilikuwa imeongezwa. Haikufikia utajiri niliokuwa nauota, ule wa nyumba ya matofali na ng'ombe wa maziwa. Ilitosha kurudi hospitalini kutolewa chuma, na kukodi shamba lililo karibu na nyumba, ambalo mtu wa mguu mfupi anaweza kulifikia bila kupumzika njiani.

Tatizo lililobaki lilikuwa kwaya. Siku za ndoto zangu nilikuwa nimewaahidi kinanda cha umeme, tena mbele ya mchungaji. Ilinibidi nisimame niwaeleze kwamba tumepata ngoma moja. Waliipokea kwa makofi, huenda kwa kunihurumia. Mke wangu ndiye aliyeichagua Mbarara. Aliijaribu dukani kwa bidii, mpaka mwenye duka akamwomba alipe aende nayo.