Gari Lililonukia Langilangi

Vijana wanaoniletea magari yao ya mwendo siku hizi, wote huanza na ekzosi. Wanataka ingurume mpaka vioo vya majirani vitetemeke. Mimi huwauliza, "Na breki?" Wananitazama kama nimewauliza habari za mazishi siku ya harusi. Basi nawaambia waache gari, warudi kesho, na wakirudi wanakuta nimefungua magurudumu yote na ekzosi yao sijaigusa. Wapo wanaokasirika. Wakasirike. Karakana hii niliipata kwa tabu, na humu ndani nafanya nijuavyo.

Iko Mahajanga, mji wa bandari wa Wamalagasi, nyuma ya soko, na aliyeijenga ni baba yangu. Asili yetu ni Komori. Mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya misukosuko iliyowaondoa jamaa zetu wengi mjini, baba aliufunga mlango kwa kufuli, akamkabidhi mdogo wake ufunguo, akatuchukua sote hadi kisiwa cha Nosy Be kwa ndugu za mama. Alisema mji ule hataukanyaga tena. Alilisema hilo mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, kisha akaanza kutafuta ukuta wa kutundikia spana zake. Nyumbani tulizungumza Kingazija, mtaani Kimalagasi, na vyuma vya gari tukavitaja kwa Kifaransa. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikianza kwa bibi yangu, ambaye alikuwa na maneno yake ya dini na ya biashara, nami nikakiendeleza baadaye kwa redio na vitabu.

Nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi, basi nikawa nashinda chini ya magari pamoja na baba. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Siku moja alinyoosha mkono bila kutazama, akaomba spana, nami nikampa ile ile aliyoitaka. Tangu hapo ikawa hivyo.

Gari lenyewe lilikuwa la Mfaransa aliyesimamia mashamba ya langilangi, maua ya kukamuliwa manukato. Alipoondoka kisiwani kwa mara ya mwisho alimwachia baba, kwa kuwa halikuwaka na hakuna mwingine aliyelitaka. Lilikuwa dogo, la watu wawili, limelala chini karibu na barabara, injini nyuma, limetengenezwa huko Ufaransa kwa ajili ya mashindano. Nililipenda siku ile ile. Niseme wazi, sijawahi kukipenda kitu kingine namna hiyo kwa mara ya kwanza, hata marehemu mume wangu alilijua hilo na alizoea.

Mwaka mmoja baba mdogo alikuja Nosy Be kwa harusi. Tulipokuwa tunakula, akamwambia baba kuwa karakana imekaa bure, panya wanazaana, na yeye anataka kuigeuza ghala la simenti. Baba akaendelea kula. Mimi nikasema, "Baba mdogo, niachie mimi. Nitaifungua."

Akacheka, lakini si kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kupenda mzaha. "Mwanangu, nani Mahajanga atampa mwanamke gari lake alifungue?"

Nikamwambia watanipa wakiniona. Mahajanga kulikuwa na desturi: siku ya pili ya Idi, alasiri, wenye magari ya kasi hukutana mwisho wa mji na kushindana hadi njia panda ya Amborovy, kule kwenye uwanja wa ndege, na kurudi, kisha hurudia mara ya pili. Mji mzima husimama kando ya barabara na nguo zake mpya. Nikasema nitakwenda na gari la Mfaransa. Nikishinda, karakana yangu. Nikishindwa, alete simenti yake. Baba mdogo akanipa mkono mbele ya watu wote. Nilimtazama baba. Alikuwa anachambua samaki wake.

Kesho yake asubuhi nilimkuta ameliinua gari kwa jeki na kuondoa magurudumu. "Breki kwanza," akasema.

Nilikuwa na haraka ya nguvu. Nilitaka kabureta kubwa, nilitaka kukereza silinda hedi, nilitaka kusikia injini ikilia. Yeye alinituma mjini Hell-Ville kufungua breki za diski kwenye gari moja kubwa la serikali lililopinduka na kutupwa. Hazikuingia. Tukaenda Dzamandzar, kwenye karakana ya kiwanda cha sukari, ambako rafiki yake alituruhusu kutumia mashine ya kukereza, tukatengeneza bamba za chuma za kuzishikia. Hazikuingia tena. Tukarudia. Nilinuna wiki nzima, na baba akaniacha ninune, ili mradi nashika tochi vizuri. Zilipoingia, alinipeleka kwenye mteremko, akaniambia niende kwa kasi yote kisha nikanyage pedali. Gari likasimama limenyooka. "Sasa tafuta nguvu," akasema.

Nguvu tuliipata. Petroli ilikuwa ya kupanga foleni, vipuri havikuja, na kila kitu tulikitoa kwenye kitu kingine kilichokufa. Lakini ile barabara ya Hell-Ville hadi Dzamandzar tuliimaliza kwa namna ambayo wafanyakazi wa miwa walikuwa wanavua kofia na kutupungia. Baba alisikiliza injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa na hakika. Gari likapakiwa kwenye meli ya mizigo, kati ya magunia ya pilipili manga, nami nikakaa juu ya gunia moja hadi Mahajanga. Baba alibaki gatini Nosy Be. Hakunipa salamu za mtu yeyote.

Idi ndogo ile niliongoza. Niliwaacha wote kabla hatujafika Amborovy mara ya kwanza, na bado naisikia ile kelele ya watu. Tulipogeuka na kuanza kurudi, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilizima injini papo hapo, kwa sababu baba alinifundisha kwamba taa ile haibembelezwi. Gari likasogea kando lenyewe na kusimama. Oili ilikuwa imekuwa nyepesi kama maji. Waliolivuta mpaka mjini walikuwa watu wa pusipusi, vile vigari vya abiria vinavyovutwa na mtu, na njia nzima walinidhihaki kuwa leo wamepata abiria mzito. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani kwa baba mdogo nikajifungia chumbani.

Nilichogundua nikiwa pale sakafuni ni hiki. Barabara ya Nosy Be ina kona, ina miwa, ina mikokoteni. Kila mara unaachia mafuta, na injini inapumua. Hakuna mahali kisiwani pa kukanyaga mpaka mwisho na kubaki umekanyaga. Barabara ya Amborovy imenyooka, na joto la Mahajanga ni kavu. Lile gari halikuwa limewahi kufanya kazi kwa muda mrefu hata siku moja, wala sisi wawili hatukuliwaza hilo, kwa sababu kisiwa kilikuwa kinaisha kabla ya injini kuchoka.

Baba mdogo alikuja kuulizia. Nikamwomba Idi kubwa. Alijikuna kidevu, akasema sawa, Idi kubwa, na hiyo ndiyo ya mwisho. Alinifungulia karakana nifanye kazi humo, lakini ufunguo ulibaki mfukoni mwake. Asubuhi anafungua, jioni anafunga.

Nilipanda meli peke yangu kurudi Nosy Be kumwambia baba. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Tumeunda gari la kisiwani," akasema, akaanza kucheka, na mimi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha akavaa viatu vyake, tukaenda kwenye mtambo mmoja wa zamani wa kukamulia langilangi uliokuwa umeachwa. Mvuke wa maua hupitia kwenye mrija mrefu wa shaba uliojizungusha ndani ya maji, ukapoa, ukawa mafuta. Baba akaugonga ule mrija kwa kidole. "Kama unapoza mvuke, utapoza oili."

Nilirudi Mahajanga nao mapajani, umefungwa kwenye kanga. Kwanza niliufunga nyuma karibu na injini, oili ikachemka vile vile. Nikauhamishia mbele, kwenye upepo, chini ya bampa, na mipira mirefu ya kupitishia oili ikapita chini ya gari lote. Ukavuja. Nikachomelea upya. Kila alfajiri nilikwenda Amborovy na kurudi, mguu umekanyaga mpaka mwisho, na macho yangu kwenye ile taa kuliko barabarani, jambo ambalo simshauri mtu yeyote. Ikaacha kuwaka. Kulikuwa na jambo moja tu la ajabu: shaba ikipata moto ilitoa harufu. Miaka yote ile ya maua ilikuwa imeingia ndani yake. Nikipita, mtaa mzima unanukia, na watu wakaanza kuliita gari la bi harusi.

Siku ya Idi kubwa nilikuwa wa pili kwa muda mrefu, nyuma ya gari jekundu la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Oili ilikuwa baridi. Nilijua nina nguvu ya akiba na kwamba nitampita kwenye kipande cha mwisho. Tulipoanza kurudi mara ya pili, nikasogea karibu. Yule wa mbele akapita kwenye vumbi kidogo lililoingia barabarani kutoka kulia. Nyuma ya vumbi lile kulikuwa na kundi la ng'ombe, na mchungaji wao, mzee mwenye fimbo, alikuwa tayari katikati ya barabara.

Nilikanyaga. Sikuwa na wakati wa kufikiri kingine. Gari liliinama mbele, matairi yakalia, na likasimama limenyooka, pembe za ng'ombe mmoja ziko juu ya boneti. Aliyekuwa nyuma yangu alikwepa akaingia mchangani, akanasa. Mzee akanitazama, akanusa hewa, akaendelea kuswaga ng'ombe wake polepole, mmoja baada ya mwingine. Gari jekundu lilikwisha kufika. Mimi niliingia mjini taratibu, na sikuona haya kulia, kwa kuwa nilikuwa nimeshindwa na nilijua nimepoteza nini.

Asubuhi baba mdogo alikuja na lori la simenti. Ahadi ni ahadi, na mimi nilikuwa nimeshakusanya spana zangu. Lakini lori halikuweza kuingia. Mbele ya mlango kulikuwa na taksi, na nyuma yake taksi nyingine, na nyingine tena hadi kwenye kona. Walikuwa madereva waliosimama jana kando ya barabara pale kwenye ng'ombe. Hakuna aliyeuliza habari za kasi. Wa kwanza akasema, "Dada, nataka lisimame kama lako." Baba mdogo akapiga honi, akashuka, akagomba. Wakati anagomba, dereva wa lori lake akanijia pembeni na kuniuliza kama breki za lori nazo zinawezekana.

Baba mdogo hakusema nimeshinda, wala hakusema nimeshindwa. Simenti aliipeleka kwingine, na ufunguo akaendelea kuushika. Nilifanya kazi mpaka vidole havikunjiki. Mwishowe nilimwomba nahodha wa meli ya pilipili amwambie baba kwamba kazi imenizidi. Sikumwomba aje. Nisingethubutu.

Alikuja. Nilitoa kichwa chini ya gari nikaona viatu vyake vya safari mlangoni, na sanduku la spana kando yake. Alikuwa ameweka kiganja kwenye ubao wa mlango, pale kufuli lilipokuwa, na hakuingia. Nilibaki nimelala pale pale, kwa kuogopa kwamba nikisimama atageuka. Baba mdogo alitoka nje, wakakumbatiana. Kisha akautoa ufunguo mfukoni na kumnyooshea kaka yake.

Baba hakuupokea. Alikuwa tayari anavua shati. "Mpe mwenye karakana," akasema, akanyoosha mkono bila kunitazama, akaniomba jeki.