Maharage kwenye Tuta la Baba

Enzi zetu kule Tabora, jirani alipiga hodi akiwa amekwisha kufika jikoni. Alifunua chungu, akaonja mboga, akasema chumvi haijatosha, akaondoka na kaa la moto la kuwashia kwake. Vijana wa siku hizi, wenye suruali za bugaluu zinazofagia barabara, ukiwapigia hodi wanapunguza redio wasikilize ni nani, kisha wanaizima kabisa ili uamini hawapo.

Nyumba yetu ilikuwa Kitete, pale ardhi inapoanza kuinamia mbugani. Tulicheza kombolela mpaka vumbi likatubadilisha rangi. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa juani hadi vikawa vigumu kama mpini wa jembe. Ulikitia kimoja shavuni ukienda shule, na kengele ya mapumziko ilipokaribia ndipo kilipoanza kukubali meno. Mwalimu akikuuliza swali, ukajibu na shavu limevimba, darasa zima lilicheka, naye alikwambia, "Meza kwanza, hesabu itakungoja."

Baba alikuwa akitunza bustani ya Mzungu mmoja wa reli. Mwaka mmoja mvua zilikuwa haba, kazi ile ikaisha, akajiandikisha manamba kwenda kukata mkonge Tanga. Siku moja kabla ya kupanda treni alilima tuta nyuma ya nyumba, tuta la Kinyamwezi hasa, pana, limeinuka, na majani yamefukiwa ndani yake. Hakuwahi kulipanda.

Mtaani kwetu kulikuwa na desturi iliyoitwa kupoza nyayo. Watu wazima walisema ilitoka zama za misafara, wanaume walipobeba pembe za ndovu kwenda pwani. Mtu akisafiri, wanawake wanaotoka kisimani walipitia kwake wakamwaga maji kidogo pale mkono wake ulipofanya kazi ya mwisho, ili huko aliko njia isimuunguze miguu. Kazi ya mwisho ya baba ilikuwa lile tuta. Basi asubuhi na jioni madebe yaliingia uani kwetu vichwani mwa akina mama.

"Tumekuja kupoza nyayo, Mama Daudi!"

"Zipoe, dada zangu, zipoe!"

Wakimaliza kumwaga, walikaa. Huyu alisuka nywele za mwenzake, yule alichambua mchicha, na kicheko kilisikika mpaka barabarani. Mimi nililala kwenye mkeka nikisikiliza, nikaamini kwamba baba hayuko mbali.

Mwaka ulipita bila habari. Kisha akaja baba mdogo, ndugu yake baba, kwa baiskeli kutoka Puge. Alikunywa uji, akafuta midomo.

"Shemeji, hakuna anayekufukuza mjini. Lakini ghala lako nimeliona, hata panya wamelihama. Kiangazi hiki bustani yako hapo nyuma isipokupa kitu, nitakuja kuwachukua. Puge kuna ardhi."

"Na mwenye nyumba akishuka stesheni atamkuta nani?" mama aliuliza.

"Njia ya Puge anaijua."

"Anaijua. Lakini aliniaga hapa."

Baada ya siku hiyo mama alitoa kibuyu cha mbegu alizoacha baba. Yalikuwa maharage makubwa yenye madoa ya zambarau, aina ile inayopanda juu ya fito na kutoa maua mekundu. Sehemu nyingine ya bustani yetu ilikuwa vumbi tupu. Mahali pekee penye udongo laini na unyevu palikuwa tuta la baba, lililomwagiwa maji mwaka mzima. Akayapanda hapo, yote, kibuyu kikabaki kitupu.

Yaliota kwa fujo. Yalizunguka fito, yakafika juu, yakawa yanatafuta kitu kingine cha kushika. Halafu majani ya chini yakaanza kuwa manjano. Manjano ikapanda. Maua yalifunguka asubuhi, na jioni yalikuwa chini yakiwa bado mekundu, hakuna hata ganda moja.

Mama alipindua majani akitafuta vidukari. Hakuwaona, lakini alinyunyiza majivu. Alikata majani yaliyougua, akayachoma mbali. Jirani mmoja alisema ni jicho baya, akatundika kigae cha chungu juu ya ufito. Mama Zuhura, Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya mumewe, hakukosa la kusema. Yeye na mama walikuwa watani.

"Wanyamwezi ninyi mnajua kubeba mizigo tu. Kulima nani aliwafundisha?"

"Anayeuliza ni yule ambaye babu yangu alimbebea godoro," mama alijibu, nao wengine walishika mbavu.

Lakini adhuhuri majani yalipolegea na kuning'inia kama matambara, hata Mama Zuhura aliacha mzaha. "Masikini, yana kiu haya," alisema, akamwaga debe zima badala ya kidogo. Wenzake nao wakaongeza. Kadiri yalivyonyauka ndivyo walivyozidi kuyaonea huruma.

Asubuhi moja mama aling'oa shina moja. Mizizi ilikuwa ya kahawia, ganda lake likibanduka kama la kiazi kilichoiva kupita kiasi, na ilinuka kama maji ya bwawa. Aliniwekea puani.

"Hayana kiu, Daudi. Yanazama."

Alichimba mtaro pembeni ili maji yatoke. Jioni madebe yalirudi, mtaro ukafurika, tuta likabaki matope. Mama aliketi kizingitini, jembe magotini. Hata mimi mtoto nilijua tatizo liko wapi. Kupoza nyayo hakukukomeshwa ovyo. Kulikoma kwa mtu aliyerudi, au kwa mtu aliyeliliwa msiba. Mama alitaka kubaki Tabora amngoje mumewe, na ili abaki ilimpasa kuwaambia watu waache kumngoja pamoja naye.

Kulipokucha alisimama kwenye mwanya wa ua. Wanawake wakaja na madebe kichwani.

"Dada zangu, ahsanteni. Msimwage tena."

Mama Zuhura alitua debe lake. "Umepata habari?"

"Sijapata."

"Sasa mbona wazika?"

"Simziki mtu. Nataka kuvuna."

"Mtani, watasema umemtoa mwenzio moyoni."

"Waseme, mimi nikiwa hapahapa Tabora."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja alimwaga maji yake njiani, akageuka, akaenda. Mama Zuhura alimtazama mama, akaonekana anatafuta utani wa kutosha jambo lile, hakuupata.

"Haya. Nyayo ni za mumeo," alisema, akajitwika debe.

Mama alipasua tuta pande zote mbili, akaacha jua na upepo viingie. Siku nyingi hakutia hata tone. Mashina kadhaa yalikufa. Yaliyobaki yaliinua majani, yakatoa machipukizi mapya, na baridi ya Julai ilipoingia maua yalishika. Maganda yakaning'inia, marefu kama kiganja cha mtu mzima. Baba mdogo alikuja na baiskeli yake na kamba za kufungia mizigo yetu. Mama alimpakulia maharage kwa ugali wa mtama. Alikula, akaomba tena, kisha akaenda kutazama zile fito. Aliporudi alifunga mfuko wa maharage ya kumpelekea bibi yetu, akaondoka bila sisi.

Tulibaki. Lakini uani kukawa kimya. Sidhani kama walitukasirikia. Walikosa tu sababu ya kuingia, na hawakujua wamwite nini mwanamke ambaye si mjane, wala hana mume wa kumngoja. Walipita njia ya chini, tukasikia vicheko vyao vikienda zao. Mama aliendelea kupika chungu kikubwa kana kwamba wangekuja. Walipokosa kuja, tulikula kiporo asubuhi, na tulipochoka alisema, "Kuleni, ni yetu wenyewe." Baba hakurudi, na habari yake hatukuipata.

Tangu hapo nimekaa Kigoma, nimekaa Mpanda, nimekaa Mwanza, na sasa nafikiria kuhama tena. Nikipita penye bustani nikaona maharage ya manjano, humwambia mwenyewe ang'oe moja atazame mizizi kabla ya kuongeza maji. Vijana hunisikiliza kwa adabu, kisha huuliza kama nauza dawa. Kijana wa leo akisafiri, jirani huulizia kama chumba chake kiko wazi. Enzi zetu watu walikupenda hadi mizizi ikaoza, nawe ulilazimika kuwazuia ili uishi. Mama aliwazuia, tukaishi. Jioni mimi hupika sufuria yangu ndogo, hula peke yangu, na hushiba vizuri kabisa.