Kizunguzungu cha Ubavu wa Kulia

Siku nilipoanguka kwenye mswala, kule Temeke, chumbani tulikuwa watu watano. Mie, mama mkwe wangu, wifi yangu, yaani dada mkubwa wa mume wangu, jirani wa chumba cha pili aliyekuwa Mmakonde, mke wa mchonga vinyago, na mwanangu wa kwanza, wa miezi minane. Mume wangu alikuwa kazini bandarini, hakuona kitu, ingawa baadaye alisimulia kuliko sie wote. Majina yao ninayo yote, hata la paka. Siyaandiki, wana wajukuu.

Ilikuwa mwaka ule wa foleni na unga wa njano. Niliinama kusujudu, sala ya adhuhuri, nyumba ikazunguka kama pia, nikaangukia ubavu. Siku kadhaa nilikuwa nikisema kwamba nikijigeuza kitandani chumba kinazunguka, nikitulia kinatulia. Nani anisikilize? Mama mkwe aliniangalia pale chini, akamwambia wifi, "Unaona? Kinachokataa kusujudu si binadamu."

Hapo hapo akambeba mtoto. Akasema mjukuu wake hatakaa mgongoni kwa mwenye pepo. Ataletwa kunyonya, kisha atarudi kulala kwake, mpaka ngoma ichezwe na pepo aseme anataka nini. Pepo hakutaka kitu. Mie ndiye niliyekuwa nataka, nataka mwanangu.

Kungojea ngoma, nikaamriwa nilale ubavu wa kulia, maana ndivyo anavyolala Mwislamu na mashetani hawaupendi. Nikatii. Kila nikigeukia kulia kitanda cha kamba kinapaa nami hadi darini, natapika. Wifi akaenda kutangaza kwamba pepo anapigana, basi nikazidishiwa ubavu wa kulia. Wiki mbili, jamani.

Aliyeona ni jirani. Aliuliza mbona nikilala kushoto natulia kama gogo. Akanisindikiza zahanati, na mama mkwe akatufuata na mtoto, asije akasemwa mwenyewe hayupo.

Daktari alikuwa mzee, miwani yake imefungwa kwa uzi. Alinikalisha kitandani, akanigeuza kichwa kulia, akanilaza ghafla kichwa kikining'inia. Dunia ikazunguka. Akamwita mama mkwe atazame macho yangu yanavyochezacheza, wakangoja yakatulia. Akarudia kushoto. Macho hayakucheza.

"Mama, pepo gani huyu wa upande mmoja?"

"Wapo," akajibu mama mkwe.

Daktari akaeleza kwamba ndani ya sikio mna vichembe kama mchanga. Vyangu vilikuwa vimebanduka mahali pake, nikilaza kichwa vinaserereka, na akili inadhani mwili unazunguka. Hakunipa kidonge. Alisema kizunguzungu chenyewe nikichokoze mpaka kichoke: nikae ukingoni mwa kitanda, nijilaze kulia, ningoje kipite, nikae tena, nijilaze kushoto. Mara tano, asubuhi, mchana na jioni. Nisiamke kwa pupa, na ufagio mfupi nifagie nimechuchumaa.

Kila nikijilaza, mama mkwe alikaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, kama msimamizi wa mtihani. Nikitapika anaguna. Wifi akauliza kama mchezo huo una mshahara. Na sharti likatolewa: mtoto nitampata nikisali rakaa nne bila kuyumba.

Siku ya kumi na moja ya zoezi hilo nikasali nao adhuhuri. Kwenye sijda ya kwanza kitu kilinipitia kichwani, nikakaza viganja kwenye mkeka, kikapita. Nikafika ya nane. Nikatoa salamu kulia, nikatoa kushoto. Mama mkwe akamaliza tasbihi yake yote mie nangoja. Kisha akanifunga mtoto mgongoni kwa mkono wake, akaikaza khanga kuliko ilivyohitajika, akasema ngoma imeahirishwa. Imeahirishwa, siyo imefutwa.

Wifi yangu yu hai, yuko Segerea kwa mwanawe, na anashikilia kwamba ilikuwa siku ya tisa, tena yeye ndiye aliyenipeleka zahanati. Kama nawe ulipanga nyumba ile na unakumbuka vingine, njoo unisahihishe. Kwa hesabu ya siku naweza kukubali. Kwa zahanati, njoo na shahidi.