Nilikuwa na vigezo vyote vya uinjinia, nikakosa laini ya simu

Wakuu, nawasalimu kutoka Kigoma, mwisho wa reli.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara kadhaa. Leo naumalizia. Sijaja kupika chai hapa, ni mambo yaliyonikuta mwenyewe, na mzee wangu yupo hai, ukimkuta kibarazani kwake atakusimulia vilevile. Labda yeye atakusimulia kwa uchungu zaidi.

Najua msimu huu madogo wengi wako kwenye kuomba vyuo. Ndiyo maana nimeona nisikae nayo.

Twende taratibu.

Nimezaliwa Kasingirima, huku Ujiji. Mzee ni mfanyabiashara wa dagaa. Ananunua mwaloni, pale boti zinaposhusha, anakausha, anafunga kwenye viroba, anapeleka Kasulu. Nikiwa sekondari, likizo zote nilikuwa naye juu ya mizigo.

Barabara ya Kasulu ilikuwa inajengwa kipindi hicho. Tukifika Kidahwe tunawakuta wapimaji na vile vyombo vyao vya miguu mitatu, greda zinaunguruma, vumbi mpaka kwenye meno. Mzee anasinzia zake, mimi nimekodoa macho. Nikasema hii ndiyo kazi yangu. Civil engineering. Sikuwa na mpango B, wakuu, na wala sikuona haja ya kuwa nao.

Nikaanza kufuatilia vigezo mapema kuliko hata walimu wangu. Form four nikahakikisha Physics, Chemistry na Maths zimekaa vizuri. Nikaenda PCM. Nilijua lazima principal pass ya Physics na ya Advanced Maths, na Chemistry isiwe ya aibu. Nilijua ni miaka minne, field kila mwaka, mwaka wa mwisho unafanya project, ukilimbikiza supp unadisko, chuo basi. Nilijua hata ukihitimu bado hujawa injinia kamili, mpaka upate uzoefu kazini kisha usajiliwe.

Yaani ungeniamsha usingizini ningekutajia yote.

Matokeo ya form six yakatoka. Physics C, Advanced Maths B, Chemistry D. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukaanza kuniita Injinia. Naenda dukani kununua sabuni, muuza duka ananiambia "Injinia, chenji yako hiyo." Nacheka, lakini moyoni nilikuwa naipenda.

Sasa hapa naomba mnielewe vizuri, maana ndipo mambo yalipoanzia.

Kuomba chuo unaweka namba ya simu. Mimi sikuwa na laini yangu. Laini inasajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, na sisi wa huku mpakani kukipata kina safari yake. Unaulizwa babu yako kazaliwa wapi, bibi yako kazaliwa wapi, shahidi wenu ni nani. Wenzangu wa mikoa mingine walikipata wakiwa shule. Changu kilikuwa bado kinafuatiliwa.

Kwa hiyo niliweka namba ya mzee. Nani asiyefanya hivyo huku? Wanafunzi wenzangu nusu yao walitumia simu za baba, mama, au shangazi.

Nikaomba vyuo viwili, vyote civil.

Baadaye kidogo mzee akaniambia anakwenda Kagunga, kule mwisho kabisa karibu na Burundi, dagaa wamekolea. Ni siku chache tu, atarudi majina hayajatoka. Akabeba simu yake, kile kitochi chake, kwa sababu laini hiyohiyo ndiyo inayopokea hela za wateja. Nikamsindikiza mpaka Kibirizi akapanda boti. Sikuona tatizo lolote.

Dagaa wakakolea kweli. Mzee akanogewa, akakaa.

Majina yakatoka. Nikaenda internet cafe kule Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, nikajikuta nimechaguliwa vyuo vyote viwili. VYOTE! Nilimkumbatia jamaa wa cafe ambaye hata simjui.

Halafu nikasoma maelezo ya chini. Aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja anatakiwa aconfirm kimoja kabla dirisha halijafungwa. Kuconfirm kunataka code. Na code imetumwa kwa meseji kwenye namba uliyoombea.

Nikampigia mzee. Simu unayopiga haipatikani.

Nikapiga tena jioni. Haipatikani. Kesho yake hivyohivyo.

Najua kuna watu hapa tayari wanaandika "si ungeomba code upya?" Niliomba, mkuu. Inatumwa kwenye namba ileile. "Si ungerenew laini?" Wanataka kidole cha mwenye laini, na kidole kilikuwa Kagunga kinageuza dagaa. "Si ungewapigia chuo?" Nilipiga. Kipindi kile nchi nzima ilikuwa inapiga.

Nikawaza nitume ujumbe kwa boti, kama tunavyofanya siku zote. Asubuhi nikaenda Kibirizi, nikasalimiana na watu, mwakeye, mwakeye, nikamkuta nahodha tunayemwita Bwana Hamisi, anaenda Kagunga siku hiyo. Nikamwambia mwambie mzee awashe simu, kuna meseji yangu ya chuo. Akaniambia usijali Injinia, nitamfikia kabla sijafunga kamba.

Na kweli alimfikia. Nikakaa nasubiri mzee apige. Kimya.

Nikaamua niende mwenyewe. Ziwa likachafuka. Mawimbi yalikuwa yanapiga mpaka juu kwenye vibanda vya mama ntilie, boti zote zimevutwa nchi kavu. Mtu wa Tanganyika anajua, ziwa likikataa limekataa. Nilikuwa nashinda Kibirizi nimekaa juu ya viroba vya watu, naangalia maji, naondoka jioni. Wakuu, sijawahi kuchukia maji kama nilivyoyachukia yale.

Lilipotulia tu nikapanda boti ya kwanza. Na siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya dirisha.

Nikajipa moyo kwamba huwa wanaongeza muda. Mara nyingi wanaongeza.

Tukafika Kagunga jua limeshageuka. Nikamkuta mzee kainama anageuza dagaa wake. Nikampa shikamoo. Aliponiona tu alijua kuna jambo, akanyooka, akaniuliza kama mama mzima. Nikamwambia mzima, simu iko wapi?

Akaingia kwenye kibanda akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani kuna mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko kuna kitambaa, ndani ya kitambaa ndiyo simu. Imezimwa.

"Niliizima, mwanangu," akaniambia. "Huku umeme hamna, na sola ya jirani na haya mawingu haichaji. Nikasema chaji isije ikaisha. Chuo wakipiga wanikute."

Mzee alizima simu ili apatikane.

Na ujumbe wa Bwana Hamisi aliupata. Aliwasha siku nzima, akaizungusha kila upande, lakini kule simu ilikuwa inashika mtandao wa Burundi. Meseji pekee iliyoingia ni ya kumkaribisha nchi ya watu. Akaona betri inashuka, akazima tena.

Boti ya kurudi ni alfajiri. Hakuna nyingine, na nyuma ya kijiji ni mlima. Tulikula ugali na dagaa tukalala, au tuseme tulijilaza. Mzee aliniuliza tumechelewa? Nikamwambia tutajua tukifika mjini.

Asubuhi mzee aliacha dagaa wake mchangani hawajakauka, akamwachia jirani, tukapanda wote. Simu kaishika mkononi kama mtu aliyeshika yai.

Tulipokaribia Mwamgongo mtandao wa nyumbani ukarudi. Simu ikaanza kulia. Meseji zikaingia mfululizo, bando, bahati nasibu, mteja wa Kasulu, bando tena. Mzee kusoma kwake ni kwa kuokoteza, akanipa. Nikashuka nazo moja moja mpaka nikaikuta.

"Ndiyo yenyewe?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

Basi mzee akageuka akawaambia watu wa kwenye boti kwamba kijana wake kaitwa chuo, anakwenda kusomea uinjinia. Boti nzima ikachangamka. Mama mmoja mwenye vikapu vya mawese akapiga kigelegele, wanaume wakawa wananipa mikono, hongera Injinia, hongera, usitusahau na barabara yetu ya Kagunga. Mzee kakaa wima, kofia yake kichwani, anapokea hongera kama bwana harusi.

Na mimi natabasamu, naangalia ile code. Kwenye hiyo meseji kulikuwa na tarehe ya mwisho. Ilikuwa jana.

Hiyo safari ya kutoka Mwamgongo mpaka Kibirizi ndiyo sehemu ninayoikumbuka kuliko miaka yote ya chuo.

Tukaenda cafe moja kwa moja, mzee ananukia dagaa, yule jamaa akatupisha kiti. Nikaingiza code. Ikaandika kwa rangi nyekundu, muda wa kuthibitisha umepita. Nikaingiza tena. Vilevile. Hawakuwa wameongeza hata siku moja mwaka ule.

Mzee aliniuliza maandishi mekundu maana yake nini. Nikamweleza. Alivua kofia akakaa nayo magotini. Akasema, "Kwa hiyo ni mimi."

Nikamwambia siyo wewe mzee. Nilikuwa namaanisha, na mpaka leo namaanisha. Hakuna aliyekosea pale. Lakini akishajiambia mzee wa Kiha, wewe utamwambia nini tena akusikie?

Sasa nawaletea jambo ambalo ndilo linaloniuma hasa.

Ningeweza kusubiri mwaka mmoja. Vyeti haviozi. Ningeomba tena mwakani na marks zangu zilezile, na laini yangu, ningepata. Kila mtu mwenye akili angeniambia hivyo.

Lakini nyumbani kulikuwa hakukaliki. Mzee aliacha kula na sisi. Nikiingia sebuleni, anatoka. Mtaani wakiniita Injinia mbele yake, anainamisha kichwa kama katukanwa yeye. Nikawaza mwaka mzima hivi? Huyu mzee atakufa.

Dirisha la awamu ya pili likafunguliwa. Civil nilikoomba kumejaa. Kilichokuwepo ni ualimu, Physics na Maths. Nikakiomba siku ileile, nikapata, nikamwendea mzee nikamwambia nimepata chuo, na ni kitu kilekile tu, hesabu zilezile. Nikacheka kabisa ili aamini.

Siku hiyo alikula na sisi. Nikaona nimefanya la maana.

Mwaka wa kwanza nikajaribu kuhamia uinjinia. Haikuwezekana, kozi nilizosoma haziendani na zao, ilikuwa nianze upya na mkopo niupoteze. Nikaacha. Nikamaliza ualimu wangu.

Leo nafundisha sekondari moja huku njia ya Kasulu, si mbali na Kidahwe. Lami ilishakamilika. Kila siku napita juu yake kwa bodaboda kwenda kazini. Ualimu siuchukii, nina madogo wanne niliowafundisha wako uinjinia sasa hivi na nawaombea wafike. Ila wakirudi likizo wakanionyesha picha za field, na vile vyombo vya miguu mitatu, narudi nyumbani sina hamu ya kuongea na mtu.

Mzee naye aliacha kwenda Kagunga. Simu yake haizimwi. Usiku iko kwenye chaji, mchana iko kifuani kwenye mfuko wa shati.

Na kila Jumapili nikienda kumsalimia, kabla hata sijakaa, ananipa. "Hebu nisomee hizi, isije ikawa kuna yako ya chuo."

Anajua nilishahitimu, wakuu. Picha ya joho iko ukutani juu ya kichwa chake. Mama anasema ni uzee, anasahau. Mimi nadhani hajasahau chochote.

Basi nazisoma zote mbele yake, mpaka za bahati nasibu. Namwambia siyo yenyewe, mzee. Anasema haya, anaichukua, anaangalia kwanza kama inawaka, anairudisha mfukoni.

Kwa madogo mnaoomba vyuo: vigezo siyo marks peke yake. Tumia namba ambayo simu yake iko mkononi mwako, na kama ni ya mzazi, usimwache asafiri nayo. Na likikupita dirisha, usikimbilie kozi yoyote kwa sababu ya kumwonea mtu huruma. Subiri mwaka. Mimi niliharakisha ili mzee wangu apumzike, na hajapumzika mpaka leo.

Waliowahi kukosa kozi kwa namna hii waje tupeane moyo. Na mwenye mzazi wa aina hii anisaidie, maana mwenzenu maneno yameniisha. Kesho ni Jumapili, atanipa simu tena. Nimwambie nini?