Nasaba Mbili, Mashine Moja

Mwingereza niliyemfanyia kazi Maskati alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni jina la ukoo wake. Sisemi kwa kejeli. Au tuseme nasema kwa kejeli, maana miaka yote hii imepita na bado sijamsamehe. Barua zilipofika kwa meli, hakuulizia magazeti wala siagi ya mkebe. Aliulizia bahasha za mapadri wa vijijini kwao, waliomnakilia majina kutoka vitabu vya makanisa: nani kabatizwa, nani kaoa, nani kazikwa.

Mimi nilikuwa karani wake. Ofisi yetu, ambayo sitaitaja, ilipokea maombi ya watu waliotaka kuingia nchini. Kazi hiyo ilikwisha kabla ya adhuhuri, na baada ya hapo, feni ikizunguka kivivu juu yetu, nilimpigia taipu historia ya jina lake. Ndipo nilipojifunza kwamba zamani Waingereza hawakuwa na majina ya ukoo hata kidogo. Mtu aliitwa fulani, basi. Walipokuwa wengi wakaanza kuitana kwa kazi zao, kwa rangi ya nywele, kwa mlima au mto ulio karibu na nyumba, na jina la baba likamganda mtoto hata kama kazi ile hakuifanya tena. La bwana wangu lilikuwa jina la kivuko, mahali watu walipovuka mto kwa miguu. Nilicheka moyoni. Kwetu mtoto wa miaka saba anakutajia babu zake na kabila lake bila kupumua, na huyu bwana mkubwa alikuwa akimtafuta babu yake kwa posta.

Wakati ule kabila kwetu lilikuwa jambo zito kuliko chakula. Mimi na mama tulifika kutoka Unguja mwaka mmoja baada ya mapinduzi, tukakaa kwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, karibu na lango kubwa la mji. Mdogo wangu wa kike, wa miaka kumi na sita, alibaki Unguja kwa jirani, kwa sababu kibali kilitoka cha watu wawili. Mama hakuwa akila akashiba. Ili binti aje, ilibidi sheikh wa kabila letu aandike barua kuthibitisha kwamba ni wa damu yao. Shangazi ndiye aliyekwenda kukaa na wanawake wa nyumba ya sheikh, siku tatu mfululizo, akibembeleza, mpaka barua ikatoka. Niliitia kwenye faili kwa mkono wangu mwenyewe. Ilibaki saini ya bwana wangu tu.

Siku hizo hizo bwana wangu alipata bahasha iliyomgeuza uso. Aliisoma mara mbili, akafunga mlango. Mtu wa kwanza mwenye jina lake, kwa mujibu wa padri, alikuwa mtoto mchanga aliyeokotwa mlangoni mwa kanisa lililo karibu na kivuko. Kwa kuwa hakuwa na baba wa kuandikwa, walimwandika kwa jina la mahali.

"Jina lote hili," aliniambia, masikio mekundu, "makanali wote wale, na tumetokana na mtoto wa kuokotwa. Hata mke wangu sitamwambia. Nakwambia wewe." Kisha akaniuliza: "Na nyinyi? Kwenu hakuna kitu kama hicho?"

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Sisi tulivyolelewa, mtu akikufunulia aibu ya nyumba yake hukai kimya kama gogo. Unampa na wewe yako, muwe sawa, na kila mmoja amwekee mwenzake siri. Nilidhani na kwao ni hivyo hivyo. Nikamwambia kwamba babu yetu hakuzaliwa katika kabila lile. Mwarabu mmoja wa shamba, huko Unguja, alimchukua akiwa mdogo, mtoto wa mfanyakazi wake aliyekufa, akamlea pamoja na wanawe. Watu wakamwita kwa jina la kabila, na hakuna aliyeuliza tena. Maskati nzima siri ile tuliijua watatu: mama, shangazi na mimi.

Alinipiga bega. "Basi sisi ni ndugu," alisema, na mimi mjinga nikafurahi.

Wiki mbili baadaye faili lilirudi limekataliwa. Pembeni mwa barua ya sheikh niliona mwandiko wa bwana wangu, ule niliokuwa nikiusoma kila siku: nasaba si ya kweli, babu alikuwa mlelewa, habari imetoka kwa mtu wa kuaminika. Mtu wa kuaminika nilikuwa mimi.

Niliingia kwake bila kubisha hodi. "Umeniua," nilimwambia.

Alishangaa, tena kwa dhati. "Lakini si ulisema mwenyewe? Siwezi kupitisha karatasi nikijua si kweli." Akanisogezea historia yake niipige nakala safi ya kupeleka kwao. Ukurasa wa mtoto wa kanisani ulikuwa umepigwa mstari. "Huo uache," alisema. "Hautawapendeza ndugu zangu. Anzia kwa yule askari aliyepewa shamba."

Niliketi nikapiga. Naona haya kuandika haya, lakini nilipiga, na sikukosea hata herufi.

Nyumbani habari zilitangulia. Ofisi ilikuwa imekwisha kumwarifu sheikh, naye alituma mtu kusema binti hatakuja, na kwamba maneno yametoka ndani ya nyumba yetu wenyewe. Mama alimgeukia shangazi.

"Wifi, umeniulia mwanangu."

"Wallahi sijafungua mdomo! Nnamtaka aje kama unavyomtaka wewe!"

Nilikuwa nimesimama baina yao. Mama alifunga mizigo siku ile ile, tukahamia chumba kimoja Matrah, mji wa jirani ng'ambo ya mlima. Mdogo wangu tulimpata mwaka wa sabini, nchi ilipowafungulia mlango watu wa Unguja, mwanamke mzima aliyenisalimia kama mgeni. Lakini linaloniamsha mpaka leo ni jambo la wiki ya pili pale Matrah.

Shangazi alikuja kwa miguu, kwa njia ya mlimani, asubuhi, jua limeshaanza kuchoma. Mama aliposikia sauti yake aliingia ndani akafunga mlango wa chumba. Shangazi alibaki na mimi uani, akanishika mkono.

"Tulikuwa watatu, mwanangu," alisema taratibu. "Mimi sijasema. Na mamako hawezi kumtupa mwanawe. Nimekuja nisikie kwako."

Mama alikuwa nyuma ya ubao ule, anasikia kila neno, na nilijua kwamba nikisema ndiyo, atakuwa amepoteza watoto wawili badala ya mmoja.

"Sijui, shangazi," nilisema.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniachia mkono, akageukia mlango wa chumba, akapaza sauti.

"Wifi, ni mimi niliyesema. Nisamehe."

Kisha akajifunga buibui lake, akarudi Maskati kwa njia ile ile.