Aliyenichagulia Lenzi ya Kupigia Furu

Nianze na hili tusije tukapotezeana muda: sikuwa na homa, sikuwa nimelala, wala situmii kitu chochote kinachovuruga akili. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nafundisha sekondari hapa Geita mwaka wa kumi na tisa sasa, na kila siku nawaambia watoto wa watu waandike walichokiona, si walichokisikia. Basi nami naeleza nilichokiona. Anayetaka kucheka acheke, ila asubiri nimalize.

Na ninyi mnaosema wafu hutembea usiku, nani aliwaambia? Mimi nilikutana na mmoja wao saa nane mchana, dukani, Shinyanga mjini, watu wakipita nje na miavuli yao.

Sebuleni kwangu nina tangi la kioo la samaki. Wenzangu wanaweka televisheni kubwa, mimi nimeweka samaki. Siku moja mvuvi ninayefahamiana naye aliniletea furu watano kwenye ndoo, wale samaki wadogo wa ziwani ambao watu wanawakausha juani. Wanne niliwatambua. Wa tano, jike, alikuwa na mstari wa rangi ya shaba chini ya jicho, mstari ambao sijawahi kuuona kwenye kitabu wala kwenye wavu. Nikampigia simu mtaalamu mmoja wa samaki niliyesoma naye.

"Nitumie picha," akaniambia. "Nataka jicho, mdomo na magamba, kila kimoja kwa karibu kabisa. Nikishaona ndipo nitasema."

Nikapiga kwa simu. Nikapata ukungu mtupu, na katikati ya ukungu sura yangu mwenyewe ikinikodolea macho kutoka kwenye kioo.

Siku chache baadaye yule jike akaacha kula, koo likavimba. Furu wa namna hii hulea mayai mdomoni; mama hali kitu wiki mbili tatu hivi, mpaka watoto watoke. Lakini huyu alikuwa mzee, mapezi yameanza kuchanika, na mimi nimefuga samaki muda wa kutosha kujua kwamba hana wiki tatu. Angekufa, nisingekuwa na ushahidi hata wa kumwonyesha mtu kwamba aliwahi kuwepo. Ndipo nikaamua kununua kamera.

Hapa Geita kulikuwa na duka la kamera, na muuzaji wake aliitwa Deo. Nilimweleza kila kitu. Nikamwambia, "Mimi ndiyo naanza, sijawahi kushika kamera maishani. Nataka kupiga samaki wa urefu wa kidole, ndani ya kioo, kwa karibu kabisa."

"Mwalimu, umefika!" Akatoa kamera, akaifunga lenzi ndefu kama chupa ya chai. "Hii inavuta, acha mchezo. Ukisimama hapa unamwona mtu aliye kule mlimani."

"Samaki wangu hayuko mlimani, Deo."

"Sasa Mwalimu, inayoweza mbali itashindwa karibu?"

Akacheka, na mimi na shahada yangu nikatikisa kichwa kukubali. Hilo mpaka leo linaniuma.

Nyumbani nikaielekeza kwa samaki. Lenzi ikaguna, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikakataa. Nikasogea nyuma, ikakataa. Nilipofika mlangoni mwa jikoni, mita moja na nusu hivi, ndipo ikakubali, na samaki akatoka mdogo kama punje ya mchele. Kesho yake nikarudi dukani.

"Tatizo si lenzi, Mwalimu," Deo akasema bila hata kuitazama. "Tatizo mkono wako haujazoea. Na bidhaa ikishatoka hapa, hairudi."

Mkono wangu! Mkono unaopasua chura mbele ya wanafunzi hamsini bila kutetemeka! Nilitoka pale natetemeka kwa hasira, nikaligeuza boksi, na pembeni nikaona kibandiko cha duka kubwa lililoko Shinyanga. Kumbe la Geita lilikuwa tawi tu. Nikasema, basi nakwenda kwa wenyewe.

Jumamosi nikapanda basi la kupitia Kahama. Pale Isaka tulikwama nyuma ya malori ya mizigo, na tulipofika Didia mvua ikaanza. Nilishuka Shinyanga nimelowa, nikauliza njia, nikalikuta duka. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, ndani kuna giza la mawingu, na nyuma ya kaunta amesimama mzee wa Kihindi, kanzu fupi nyeupe, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Mwadila, mayu," akanisalimia na kuniita mama, Kisukuma safi kama cha mama yangu mzazi.

"Mwadila, baba. Shikamoo."

"Marahaba."

Nikampa mkono. Hakuupokea, aliunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa kidogo. Nikaona ni heshima ya kwao. Hewa ya pale ilikuwa na harufu kali kama siki, harufu ya zile dawa za kusafishia picha za zamani. Nyuma yake kulikuwa na kabati la milango ya kioo. Niliona humo sura yangu, mkoba wangu, na mlango wa nje na mvua yake. Mgongo wa mzee sikuuona. Niliona kamera zilizopangwa, tena zote, hakuna hata moja iliyozibwa na mtu. Nikajiambia ni namna nilivyosimama. Mngekuwa ninyi mngejiambia nini?

Nikaweka boksi mezani, nikamweleza habari ya samaki. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa miwani, akaitazama ile lenzi, na uso wake ukabadilika kabisa.

"Nani kakuuzia hii?"

"Deo, wa Geita."

"Samaki wa kidole unampiga kwa lenzi ya kupigia twiga?" Sauti ilipanda. "Nilimfundisha mimi! Nilimwambia, mteja muulize kwanza anapiga nini, ndipo ufungue kabati. Yeye anafungua kabati kwanza! Anauza kilichokaa sana!"

Nawaambia kweli, ilikuwa mara ya kwanza tangu sakata lile lianze kukutana na mtu mwenye hasira kuliko mimi. Roho yangu ilitulia.

Alipotulia na yeye, akanifundisha. Kamera yenyewe ni nzuri, akasema, kwa anayeanza inatosha na inabaki. Shida ni jicho lake. Nilihitaji lenzi ya makro, iliyotengenezwa kwa vitu vya karibu, ambayo picha yake inalingana na ukubwa wa kitu chenyewe. "Usichukue fupi sana. Itakulazimu uegemee kioo, na samaki atakimbia. Milimita mia itakupa nafasi." Nizime taa za chumba, nifunge mapazia, niache taa ya juu ya tangi peke yake. Nivae nguo nyeusi ili kioo kisinirudishe. Nifute kioo ndani na nje. Lenzi ielekee kioo moja kwa moja. Ukiinamisha, picha inavunjika. Nilenge jicho la samaki, na nisimfukuze. "Kaa. Atakuja mwenyewe. Samaki ana udadisi kuliko mtu."

Halafu akainama chini ya kaunta, akaibuka na lenzi nene, nzito, nyeusi, na pete ya chuma ya kuiunganisha na kamera yangu. Hakunikabidhi mkononi. Aliiweka juu ya kaunta, akarudi nyuma hatua moja. Nilipoishika ilikuwa baridi kama imetoka kwenye friji.

"Hii si ya duka. Ni yangu. Nenda kapige, ukimaliza mpe Bhavna."

"Bhavna ni nani, baba?"

"Binti yangu."

Nilishukuru, nikatoka, nikakimbilia basi.

Jumapili mchana nilifanya kama alivyosema, neno kwa neno. Nikavaa gauni langu la msiba, nikafunga mapazia, nikakaa sakafuni. Nilikuwa peke yangu. Mume wangu alikuwa zamu mgodini na mlango niliufunga kwa ufunguo. Dakika arobaini hivi zikapita. Ndipo yule jike akatoka mafichoni, akaja mbele ya lenzi, akafungua mdomo kugeuza mayai yake. Nikaona ndani! Mayai ya njano, kila moja na vijicho viwili vyeusi. Nikabonyeza, nikabonyeza, machozi yananitoka. Jicho, mstari wa shaba, magamba, vyote vikaingia.

Na harufu ya siki ikajaa sebuleni.

Sikugeuka. Siwadanganyi, nilishindwa kugeuka. Niliendelea kupiga mpaka harufu ikaisha, ndipo nikawasha taa na kuangalia picha moja moja. Kwenye picha ya mwisho, pembeni mwa samaki, kioo kilikuwa kimerudisha kitu cheupe. Nikakikuza. Kanzu fupi. Miwani kifuani. Alikuwa amesimama nyuma ya bega langu, ameinama kidogo, kama mwalimu anayechungulia daftari la mwanafunzi.

Picha za samaki nilizituma kwa mtaalamu jioni ile ile. Ile ya mwisho sikuituma. Ningeandika nini chini yake?

Jike alitema watoto kumi na mmoja siku ya Jumatano. Ijumaa akafa. Jumamosi nikarudi Shinyanga na lenzi, nimeifunga kwenye kitambaa safi.

Safari hii umeme ulikuwepo. Kwenye kaunta alikuwepo mwanamke wa makamo, nywele zimeanza mvi, na pembeni yake, anahesabu maboksi ya kupeleka Geita, nani? Deo.

"Dada Bhavna?" nikauliza. "Baba yako aliniazima hii. Aliniambia nikupe wewe."

Alifungua kitambaa. Akaishika lenzi kwa mikono miwili, akaigeuza.

"Baba yangu alifariki miaka sita iliyopita," akasema. "Lenzi hii imefungiwa kwenye sanduku lake, nyumbani. Ufunguo anao mama, shingoni."

Kabla sijafungua mdomo, Deo akaruka. "Ameiba! Huyu namjua, dada, ni mkorofi, alikuja kunifanyia fujo Geita. Huyu ni mwizi!"

Hebu nielezeni. Mwizi gani anayepanda basi kutoka Geita mpaka Shinyanga kurudisha alichoiba? Na aliyeniita mwizi ni nani? Ni yule yule aliyeniuzia lenzi ya twiga!

Nikatoa kamera, nikamwonyesha Dada Bhavna ile picha. Aliisogeza karibu na macho. Akaweka kidole kwenye kioo cha kamera, juu kabisa ya kile kitu cheupe, akasema neno moja kwa lugha yao, taratibu, akaanza kulia. Alimwona. Naapa alimwona.

Lakini Deo alikwishapiga simu kituo cha polisi. Tukapelekwa wote, na kamera ikawekwa juu ya meza kama kielelezo. Sanduku likaletwa na mama mzazi mwenyewe, bibi kizee aliyekuja na ufunguo wake shingoni. Likafunguliwa mbele yetu. Kufuli zima, vumbi juu yake halijaguswa, na ndani kuna kasha la lenzi likiwa tupu. Askari, mama mmoja mpole, alinitazama mimi, akalitazama sanduku, akaweka kalamu chini.

"Nionyesheni hiyo picha," akasema.

Deo ndiye aliyeichukua kamera. "Ngoja nimtafutie, mimi najua mashine hizi." Akabonyeza, akabonyeza tena. "Mbona haipo?"

Aliifuta. Mbele ya askari, mbele ya binti wa marehemu, aliifuta kwa kidole kimoja, akanirudishia kamera yangu! Nilimgeukia Dada Bhavna. "Wewe uliiona. Waambie."

Alimtazama mama yake kwanza. Bibi kizee alikuwa pembeni, amelikumbatia lile kasha tupu. "Mwalimu hajaiba," Dada Bhavna akasema. "Sina malalamiko juu yake. Nilichoona, sijui nilichoona."

Na hapo ndipo mimi nilipozidiwa. Marehemu alinitendea haki, walio hai wakashindwa kunipa hata sentensi moja!

Matokeo yake ndiyo haya ninayoishi nayo. Deo alirudi Geita, na kabla hajafukuzwa kazi, maana Dada Bhavna alimfukuza mwezi ule ule, alikwishaeneza mtaani kwamba mwalimu wa baiolojia anafuga maiti ndani ya kioo. Mzazi mmoja amemhamisha mwanawe darasani kwangu. Mkuu wa shule ameniita, ananiomba kwa upole niliondoe tangi "kwa muda". Kwangu! Sebuleni kwangu! Nimemwambia tangi haliondoki. Mtaalamu ameniandikia kwamba huyo furu hajawahi kumwona popote, na watoto wake kumi na mmoja wako hai, saba wameanza kuonyesha mstari wa shaba. Nawapiga picha kila Jumapili kwa lenzi ya makro niliyoinunua mwenyewe, mapazia yamefungwa, gauni jeusi. Kuna siku harufu ya siki inakuja. Sigeuki. Nasema tu, "Shikamoo, baba," naendelea na kazi.

Na wewe unayesoma, ukienda kununua kamera, sema kwanza unataka kupiga nini, na anayefungua kabati kabla hujamaliza kusema, mwache na kabati lake. Lakini akitokea wa kukusikiliza mpaka mwisho, mpe mkono kwanza. Asipoupokea, chukua maneno yake yote, yaandike, yafuate. Kitu anachokuwekea juu ya kaunta, kiache pale pale. Utakapokuja kuulizwa umekipata wapi, yeye hatakuja kituoni kukutetea.