Kitabu Changu

Juzi hospitalini Ibra, hapa Oman, sote tukingoja dawa, mama mmoja alikuwa akimsomesha bintiye, kidole juu ya mstari. Aliniambia humfundisha mwenyewe nyumbani.

"Si kitabu yangu. Sema kitabu changu."

"Changu si samaki, mama?"

"Samaki pia." Akafumba macho. "Haya, soma tena."

Walirudia mara tano, mpaka nikachoka mimi. Mama akaitwa dirishani, kitabu akakisahau kitini. Nikakiinua. "Cha nani hiki?"

"Kitabu yangu, bibi," akajibu kwa uchovu bila kugeuka.

"Changu, mama," mtoto akasema. "Kama yule samaki."

Nikamwonea wivu mama yule. Wanangu mimi hawakosei hata neno moja la Kiswahili. Hunijibu kwa Kiarabu.